Fundi Aliyetanguliza Kivuli

Mwaka wa 1951, nikiwa na miaka kumi na tisa, mume wangu alikufa kwa homa katika landhi za reli pale Voi, na taabu yangu ikaanzia hapo. Landhi ni nyumba ya mfanyakazi. Mfanyakazi akifa, nyumba inamngoja mwingine. Nilitoka na mtoto mgongoni, sufuria, blanketi, na kitanda ambacho sikuwa na mahali pa kukiweka. Kurudi kwetu milimani sikutaka. Huko ningepewa kona ya jiko kwa mama mkwe na jembe la kulimia shamba lisilo langu, nizeeke nikiambiwa nyamaza. Shule niliionja tu, kusoma nilisoma kwa kufuata na kidole. Nikabaki Voi, nikakaanga mandazi nikiwauzia wapagazi wa stesheni.

Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa kuandika habari za watu. Nilijifundisha kuandika vizuri nikiwa mtu mzima, kwa sababu ya hesabu za biashara. Huyu mmoja namwandika kwa kuwa hakuna mwingine atakayemwandika.

Tulimwita Fundi. Mji ulikuwa na mafundi wengine, wa viatu, wa saa, wa cherehani, lakini hao walikuwa na neno la pili. Yeye alikuwa Fundi basi. Kazi yake ilikuwa kuandika majina: kwenye kuta za maduka, kwenye mabati, kwenye milango ya malori, kwenye mapipa ya maji ya mashamba ya mkonge. Ukiona neno kubwa mahali popote kutoka Voi mpaka Taveta miaka ile, ulijua mkono wake umepita hapo.

Herufi zake zilikuwa nene, zina mabega, kama watu walioshiba wamepanga foleni. Alizipaka nyekundu au manjano, na kila moja ilikuwa na kivuli cheusi upande wa kulia na chini. Kivuli hicho ndicho kilichoitoa herufi ukutani. Ungeapa imechongwa kwa mbao na kupigiliwa misumari. Mzee mmoja wa Sagalla aliingia mjini kununua chumvi, akafika mbele ya duka la Mhindi, akavua kofia na kutaka kuitundika kwenye herufi ya kwanza ya jina la duka. Kofia ikaanguka. Akaiokota, akajaribu tena. Mhindi akamwambia, "Mzee, hiyo rangi tu."

Mzee akasema, "Naona ni rangi. Lakini imetoka nje."

Mji mzima ulicheka. Fundi alipopelekewa habari hakucheka. Aliuliza, "Kofia ilianguka upande gani?" Akaenda akasimama mbele ya ile herufi mpaka jua likageuka, akidhani labda kivuli chake kimekosea.

Ndivyo alivyokuwa. Kitu ambacho kingempa mtu mwingine sifa, yeye kilimpa wasiwasi. Aliwahi kuandika neno HATARI kwenye tangi la petroli karibu na reli, jekundu lenye kivuli, likapendeza hata watu wakawa wanatoka upande wa pili wa barabara kuja kulitazama. Msimamizi alimwambia kwa mzaha, "Fundi, umeifanya hatari ikawa tamu." Mzaha huo ulimwingia mifupani. Kwa muda mrefu alikuwa akipita pale kila jioni kuhakikisha hakuna mtu anayevuta sigara chini ya neno lake.

Aliogopa upepo, kwa sababu ya vumbi. Aliogopa malori kwa sababu hiyo hiyo. Aliogopa mbuzi, maana mbuzi hulamba chokaa, na yeye aliandika juu ya chokaa. Mvua aliiogopa hata katika miaka ambayo Voi tulikuwa tunaililia. Na alikuwa na woga mwingine ambao hakuutaja. Akisikia viatu vya askari vya misumari vikitembea juu ya kokoto, brashi ilisimama hewani, na haikushuka mpaka viatu vimepita.

Mtu mwenye maneno makubwa hivyo kwenye kuta, mdomoni alikuwa na sauti ndogo ya kunong'ona. Ilibidi umsogelee. Wakati mwingine nilimwambia, "Fundi, sema kama unavyoandika," naye alitikisa kichwa kama nimemtukana. Chai alikunywa kwangu amesimama, mgongo umeegemea ukuta, macho yakiwa barabarani. Nilimwekea kiti. Alikishukuru, akaweka kofia juu yake.

Jambo moja tu lilimpandisha sauti, nalo ni herufi nyembamba. Akiona kibao kilichoandikwa na mtu mwingine kwa vijistari vyembamba, alisema, "Huyo ni mgonjwa amesimamishwa. Mpeni kitanda." Karani mmoja wa stesheni alitaka kibao chake kiandikwe hivyo, kwa unyenyekevu, alisema. Fundi akamjibu, "Bwana Karani, treni inapita mbio. Unyenyekevu wako nani atausoma?"

Kwao hatukupajua. Alizungumza Kidawida na sisi, Kikamba na Wakamba, Kijaluo kidogo na watu wa reli, na kila lugha aliisema vizuri lakini kwa lafudhi ya jirani. Wadawida tulidhani ni Mkamba, Wakamba walidhani ni mtu wa Taveta. Zamani hilo halikumsumbua mtu. Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka waliokula kiapo, na kabila la mtu likawa kitu cha kuulizwa njiani. Mabehewa yenye waya madirishani yalipita Voi yakipeleka watu kambini, na sisi tuliokuwa tukiuza vitu stesheni tulifundishwa kutazama chini. Watu waliondoka mjini bila kuaga. Wengine waliondolewa. Katika siku kama hizo, mtu asiye na kwao anakuwa kama kisima kisicho na kifuniko. Watu wanapita mbali.

Mimi sikupita mbali. Sisemi ni ujasiri. Alikuwa mteja mzuri, tena hakunitania kwa kuwa mjane.

Sasa nieleze namna alivyofanya kazi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotupata. Mafundi wengine huandika herufi kwanza, kisha huipa kivuli. Yeye alianza na kivuli. Siku ya kwanza alipiga mistari ya unga wa mkaa kwa uzi, akachora herufi kwa chaki, juu juu tu, halafu akapaka rangi nyeusi mahali pa kivuli peke yake. Kisha akaenda zake. Chaki ilipeperuka na upepo, na ukuta ukabaki na vipande vyeusi, viwiko, ndoana, ngazi zilizovunjika, ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma. Siku ya pili, vikishakauka, alirudi na rangi nyekundu akaijaza kila herufi mahali pake bila kuchora tena, kama mtu anayempeleka mgeni kwenye kiti alichomwekea.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Nikianza na herufi, nitafika kwenye kivuli nimechoka, nitakipaka haraka, kitatoka kama mkia. Mwacheni kivuli atangulie. Mwenyewe atakuja."

Mwaka wa hamsini na tano nilikuwa nimeshapata hoteli. Kilikuwa chumba kimoja Majengo, katika nyumba ya mzee mmoja wa Kiswahili kutoka pwani, chenye mlango wa mbele, mabenchi, na meko nyuma. Niliomba leseni kwa jina langu mwenyewe, mwanamke bila mume, na watu walinicheka mpaka mwenye nyumba akaniambia, "Bibi, utajichosha bure." Bwana Afya wa mji, Mwafrika mwenzetu aliyevaa kaputula nyeupe na kofia ngumu, alikagua meko, akakagua choo, akasema, "Vyote sawa. Lakini nje hakuna jina. Alhamisi nitakuja na leseni. Nikikuta jina la hoteli na la mwenyewe ukutani, naacha leseni. Nisipokuta, nafunga mlango na chumba apewe anayengoja." Na aliyekuwa anangoja nilimfahamu. Alikuwa muuza nyama ambaye kila asubuhi alipita kunisalimia huku macho yake yakipima dari yangu.

Nikamwita Fundi. Jumatatu akaja, akapaka ukuta chokaa, akapiga mistari, akaniuliza jina. Nikamwambia HOTELI YA MAMA MGHOI. Mghoi ni binti yangu. Akaweka vivuli vyote kabla ya jua kuzama, vyeusi, vikubwa, kutoka pembe hii ya ukuta mpaka ile. "Kesho," akasema.

Kesho yake alfajiri kulikuwa na msako Majengo. Askari walizunguka nyumba, wakadai vipande vya utambulisho, wakachukua baadhi ya wanaume. Mimi nilikuwa nikiwasha moto na sikuogopa, mwanamke hakudaiwa kipande. Palipokucha vizuri Fundi hakuja. Jua likapanda, hakuja. Nikatoka nje kuutazama ukuta wangu, nikakuta watu wamenitangulia.

Hamjui ukuta ule ulivyotisha. Chokaa nyeupe, na juu yake alama nyeusi zisizo na maana, za ukubwa wa mtoto aliyesimama, na askari bado wako mtaani. Mtu mmoja akasema, "Ni Kihindi?" Mhindi mwenye duka akasema hapana. Mwenye nyumba akaitwa aangalie kama ni Kiarabu. Akaangalia, akasema, "Audhubillahi, hiki si Kiarabu, hata kikiwa kimelewa."

Kisha muuza nyama, kwa sauti ya mtu anayesikitika, akasema, "Mimi naona miezi. Mmoja, miwili, mitatu. Na hayo ni meno. Na ile ni ngazi."

"Miezi mitatu," akasema mwingine. "Kuna jambo linakuja baada ya miezi mitatu."

"Kwa nini hoteli ya huyu mama?"

"Muulizeni yeye."

Nikasema ni kivuli cha jina langu. Mkisikia neno hilo leo mnaliona la kawaida. Siku ile, mbele ya watu wenye hofu, lilisikika kama wazimu. Wengi wao walikuwa wameona herufi za Fundi zikiwa zimekwisha, lakini ni wachache waliowahi kuzitazama siku ya kwanza, kwa sababu miaka ile kazi zake nyingi zilikuwa malori na mapipa ya mashambani, na lori lilikuwa likilala gereji. Wateja wangu wa asubuhi wakanywa chai yao haraka. Wengine hawakunywa.

Sajini akaja. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, mrefu, si mbaya. Alikuwa akila mandazi kwangu. Akatazama ukuta muda mrefu, akashusha pumzi.

"Mama, nani amefanya hii?"

"Fundi. Ni jina, hajamaliza."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Hapo ndipo pabaya," akasema. "Sikia, Mama. Alhamisi Inspekta atakuja kuona kwa macho yake. Mpaka hapo, usiguse. Ukifuta, watasema umeficha. Ukiongeza hata tone, watasema umejibu."

Mwenye nyumba alinifuata ndani, kanzu ameishika mkononi isiguse majivu. "Bibi, mimi sina ugomvi nawe. Lakini nyumba ni yangu, na hao wakija hawamkamati mpangaji peke yake. Alhamisi pasipopatikana maelezo, nakuomba utoke. Nakuomba kwa uzuri."

Kwa hiyo kila mtu aliniwekea Alhamisi. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Nilimtazama akicheza na makaa, akijaribu kuchora miezi sakafuni, nikamchapa kofi, kisha nikamkumbatia. Sikuwahi kumpiga bila sababu kabla ya hapo.

Utingo mmoja wa lori ndiye aliyeniambia kwamba Fundi alidandia gari lao alfajiri ile ya msako, amejifunika gunia, na kwamba wamemwacha kwenye shamba la mkonge karibu na kilima cha Salaita, ambako alikuwa na kazi ya kuandika ghala. Jumatano nikamwacha mtoto kwa jirani, nikakaanga chapati, nikazifunga kwa kitambaa, nikapanda treni ya Taveta. Njia nzima sikuona kitu. Watu husema nchi ile ni nzuri kuitazama kutoka dirishani, simba na twiga. Mimi nilikuwa nikihesabu stesheni na kuona treni inasimama bure.

Nilimkuta juu ya ngazi, mgongo kwangu.

"Fundi."

"Nimekuona tangu ulipoingia shambani," akauambia ukuta. "Unatembea kama mtu anayedai."

"Umeniachia vivuli."

"Vimekauka?"

"Vimekauka, na mimi vimeniua. Watu wanasema ni alama za kiapo. Wanahesabu miezi."

"Miezi gani?"

"Ile ya O zote mbili, na ya G."

Akageuka kwa mara ya kwanza. "G si mwezi," akasema kwa uchungu. "G ina kidevu."

"Njoo uwaambie hivyo."

Akashuka. Alikaa juu ya jiwe, akafuta brashi moja moja, polepole. "Nikienda Voi wataniomba kipande."

"Huna?"

"Ninacho. Jina lililomo si langu. Nilikichukua kwa mtu aliyekuwa hakihitaji tena." Akanong'ona chini zaidi. "Langu likisomwa mahali popote, wananipakia kwenye behewa siku hiyo hiyo. Mama Mghoi, nisamehe. Nitakuja baadaye, mambo yakipoa."

"Yakipoa mimi nitakuwa barabarani na mtoto."

"Hapana," akasema. "Siendi."

Sikulia. Sikwenda kule kulia. Nilikaa juu ya mfuko wake wa brashi, nikafungua kitambaa, nikampa chapati. Nikamwambia, "Kula. Ukimaliza kula utaniambia ukinitazama machoni kwamba huendi, maana mara ya kwanza umeiambia ardhi." Alikula. Alikula zote, kama mtu ambaye hajala tangu Jumanne, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Kisha akanitazama, akatazama miguu yangu iliyojaa vumbi jekundu. Akainuka, akasema, "Ondoka juu ya mfuko wangu, utavunja brashi." Tulirudi pamoja.

Alhamisi mchana ukuta ulikuwa umezungukwa. Inspekta, Mzungu kijana mwenye ngozi iliyobambuka puani, alikaa kwenye benchi nililomtolea nje. Sajini alisimama nyuma yake, mwenye nyumba kivulini, na Bwana Afya na mkoba wake wenye leseni yangu. Muuza nyama alikuwepo pia. Fundi akavua kofia, akasema, "Bwana, naomba nimalize. Ndipo msome." Sajini akatafsiri. Inspekta akainua kidole, kama kusema endelea.

Nilimshikia kopo la rangi nyekundu. Akaanza na H. Hakupima. Aliweka brashi mahali palipokuwa patupu, na pale patupu pakasimama herufi, na ile ngazi iliyovunjika ikawa kivuli chake, palepale, mbele ya macho yetu. Watu wakasogea. Akaja O, na ule mwezi ukashikwa na mwenyewe. Mama mmoja muuza ndizi ambaye hakujua kusoma akasema, "Ee, mwezi umeingia nyumbani," na watu wakacheka kicheko cha kwanza tangu Jumanne. Walianza kusoma kwa pamoja, kama darasa. Alipofika YA, Sajini mwenyewe alikuwa akicheka. Mwenye nyumba alisema Alhamdulillahi taratibu. Alipomaliza MAMA, hakuna mtu aliyekuwa na swali kuhusu ukuta.

Nami nikaona Inspekta hatazami ukuta tena. Anamtazama Fundi. Akamwambia Sajini kitu kwa Kiingereza.

"Bwana anauliza, Fundi, kwenu wapi?"

"Namalizia, Bwana," akasema Fundi, na mkono wake ukapungua mwendo.

Nilikuwa nikiujua mkono ule. Ulikuwa wa haraka. Sasa ulitambaa. M ile moja aliipaka kana kwamba anaisuka. Ndipo nikaelewa: ilimradi jina halijakwisha, hawana sababu ya kuinuka. Jina likikwisha, watamgeukia. Akaenda kwenye G, akaizunguka, akaipa kile kidevu chake, akairudia mahali palipokuwa sawa tayari. Na Bwana Afya akatazama saa yake, akafungua mkoba, akasema, "Mama, mimi nina sehemu nyingine za kwenda. Jina la mwenyewe halijakamilika. Nikiondoka kabla, nitaandika halikuwepo."

Muuza nyama akasogea hatua moja.

Nilisimama katikati yao na kopo. Kulia kwangu leseni, kushoto kwangu mtu ambaye kila mstari unampeleka kwenye behewa. Hakuna aliyejua hilo pale ila mimi na yeye.

Nikasema, "Fundi."

Akanitazama. Akachovya brashi. H akaiweka, O akaiweka, na I akaishusha kwa mkupuo mmoja, imenyooka, nene, nzuri kuliko zote. Akashuka ngazi. Akafuta brashi akanikabidhi. "Usizioshe kwa maji," akasema.

Inspekta akanyoosha mkono. Fundi akatoa kipande. Inspekta akasoma, akauliza, na Sajini akatafsiri: "Jina la baba yako?" Fundi akasema jina, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, na halikuwa lile la kwenye kipande. Mpaka leo sijui kama alisahau lile alilopaswa kusema au alichoka nalo. Wakampandisha nyuma ya gari. Hakutazama ukuta.

Bwana Afya aliacha leseni mezani. Jioni hiyo niliuza chai mpaka sukari ikaisha, watu walikuja kuona herufi na kuzigusa. Sikufunga mlango kwa huzuni. Mtoto wangu alikuwa akila kupitia mlango huo.

Nilikwenda kambini mara moja, na nguo na sabuni. Askari wa getini akaniuliza natafuta nani. Nikatambua sina jina la kumtaja. Lile la kwenye kipande nilijua si lake, na lile alilolitaja lilikuwa la baba yake, nami kwa hofu ya siku ile sikulishika. Nikasema, "Fundi." Askari akacheka, "Mama, humu ndani mafundi ni mia." Nikarudi na sabuni yangu. Tangu hapo kila behewa la waya lililopita niliacha kutazama chini. Nilitazama madirishani, na askari wa stesheni walinifokea mpaka wakazoea.

Mwaka wa hamsini na tisa nilikuwa nikinunua vitunguu Mboghoni kwa ajili ya hoteli. Wakulima wa huko walikuwa wakifungulia maji ya mfereji asubuhi, na mtu mmoja mwembamba alikuwa ameinama akiziba tundu kwa udongo. Nilimfahamu kwa mgongo, kwa sababu nilikuwa nimeutazama sana ule mgongo.

"Fundi."

"Mama Mghoi," akasema bila kugeuka. "Mtoto hajambo?"

"Yuko shule. Ametangulia wavulana."

"Vizuri." Akaosha mikono mferejini. Mkono wa kulia ulitetemeka, na aliuweka ndani ya ule wa kushoto, akauficha. Ya kambini hakuniambia, nami sikuuliza. Nilimwambia kuna chumba nyuma ya hoteli, kuna chakula, asifanye kazi yoyote, akae tu. Akatikisa kichwa. Alisema vitunguu vinamtosha, vitunguu havitazamwi kwa mbali.

Nikamuuliza lile lililonikaa kooni. "Pale Salaita ulikuwa umekataa. Ulikuja kwa nini?"

Akafikiri. "Watu wote waliowahi kunitafuta," akasema, "walikuja na amri. Wewe ulikuja na chapati, tena umekasirika." Akacheka kidogo. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. "Nikasema, huyu amenijia kama ndugu anavyomjia mtu."

Kisha akaniambia jina lake. Akalisema mara mbili, ili safari hii nilishike. Silitaji hapa. Alinipa mimi.

Alifia kule Mboghoni miaka michache baadaye, kabla ya Uhuru, katika kibanda alichopanga shambani kwa mtu. Hakuna jamaa aliyekuja, tukamzika palepale shambani. Mwenye shamba alitaka kuuza, nikanunua.

Leo nina hoteli ile ile Voi, na nyumba nzima iliyo nayo, niliinunua kwa yule mzee wa Kiswahili watoto wake walipohamia Mombasa. Nina vyumba sita vya kupangisha Majengo. Nina ng'ombe wawili kwetu milimani na shamba la babu yangu, ambalo sasa hakuna anayeniambia ninyamaze ndani yake. Nina posho mashine moja ya kusaga mahindi, inahitaji mkanda mpya. Nina binti aliyestaafu ualimu, wajukuu, na meno yangu mengi. Na nina ekari mbili Mboghoni zenye maji ya mfereji, za vitunguu na nyanya, isipokuwa kona ya chini penye kaburi, ambayo nilipima nikaitoa kwenye hati, kwa sababu hiyo ni ya mwenyewe.